Mstari mwekundu na limita: S2000 (F20C) ya RPM 9,000 inalindwa na nini hasa?

Upinde9000

Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu injini zinazopanda resi (RPM, mizunguko ya injini kwa dakika) juu. Mfano wangu ni Honda S2000 ya mwanzo, AP1, yenye injini F20C ya lita 2.0. Maelezo mengi yanachanganya mstari mwekundu na limita kana kwamba ni kitu kimoja. Maswali yangu:

1. Mstari mwekundu unawekwa kwa kigezo gani? Kwa nini karibu 9,000, na si 8,000 au 10,000?
2. Limita inakata mafuta au inakata moto wa plagi? Na kuigonga mara kwa mara kunaumiza kitu gani?
3. Kama limita ipo, inakuwaje injini hizi bado zinakutwa na valvu zilizopinda kwa kupitiliza resi?
4. Gia ipandishwe kwenye RPM ngapi kama unataka gari itoe nguvu yake yote?

Naomba majibu yenye namba. "Usikanyage sana" nimeshaisoma kila mahali.

---

FundiHedi

Mkuu, swali la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Watu wengi hudhani kinachovunja injini kwenye resi za juu ni mlipuko wa mafuta. Sivyo. Ni uzito wa pistoni yenyewe. Kila ikifika juu inasimama, inageuzwa, inavutwa chini. Kwenye pigo la kutoa moshi juu yake hakuna gesi yenye shinikizo la kusaidia kuirudisha, kwa hiyo konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki, inaivuta peke yake. Nguvu hiyo ya kuvuta inapanda kwa mraba wa RPM: ukiongeza resi mara mbili, mzigo unaongezeka mara nne.

Tufanye hesabu ya F20C. Kipenyo cha silinda ni mm 87, pigo mm 84, konrodi mm 153. Chukua pistoni pamoja na pini na ringi zake iwe nusu kilo, kwa ajili ya mfano. Kwenye 9,000 konrodi inavutwa kwa karibu kilonyutoni 24, yaani kama vile umening'iniza tani 2.4 kwenye boliti mbili za konrodi. Hilo linatokea mara 75 kila sekunde kwa kila silinda, ukihesabu pigo la kutoa moshi tu.

Kipimo kingine ambacho wasanifu hukitazama ni wastani wa kasi ya pistoni: pigo mara mbili, mara RPM, gawa kwa 60. F20C kwenye 9,000 inatoa mita 25.2 kwa sekunde. Linganisha na nyingine. BMW M3 E46 (injini S54, pigo mm 91) kwenye 8,000 ni 24.3. Porsche 911 GT3 ya lita 4.0 ya kizazi cha 991 (pigo mm 81.5) kwenye 9,000 ni 24.5. Lexus LFA (pigo mm 79) kwenye 9,000 ni 23.7. Hata V8 za Formula 1 za lita 2.4, zilipofungiwa 18,000, zilikuwa na pigo la karibu mm 40, na ukipiga hesabu unapata karibu 23.9. Namba hizi zimekaribiana sana ingawa RPM zenyewe hazifanani kabisa. Injini ya pigo fupi inaruhusiwa kuzunguka haraka zaidi kwa sababu pistoni yake haina safari ndefu.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini F22C1 ya lita 2.2, iliyokuja baadaye kwenye S2000, mstari wake ulishushwa hadi 8,000. Pigo liliongezwa kufika mm 90.7. Kwenye 8,000 ni mita 24.2 kwa sekunde. Wangeiacha 9,000 ingekuwa 27.2. Haikuwa injini dhaifu, pigo lake ndilo refu.

Kikomo cha pili kiko kwenye hedi. Springi ya valvu ina kazi ya kuhakikisha valvu inafuata umbo la kamshafti (shafti inayozifungua valvu) wakati wa kufunga. Kadiri resi zinavyopanda, valvu inataka kuendelea kuruka kwa kasi iliyopewa, na springi inashindwa kuirudisha kwa wakati. Hiyo ndiyo valvu kuelea. Ikielea, mawili hutokea: inarudi kwenye kiti chake kwa kishindo, au inachelewa na kukutana na pistoni inayopanda. (Formula 1 walitoka kwenye tatizo hili kwa kuacha springi za chuma, Renault walileta springi za hewa mwaka 1986.) Injini ya Wankel ya Mazda RX-8 haina valvu kabisa, na shafti yake huzunguka mara tatu rota, inayochukua nafasi ya pistoni, ikizunguka mara moja. Kwa hiyo 9,000 unayoiona kwenye geji ya RX-8 ni 3,000 tu kwa rota, na hesabu za pistoni hapo juu hazihusiki nayo.

Sasa limita. Mstari mwekundu ni rangi kwenye dashibodi, alama kwamba kuanzia hapa umeingia kwenye akiba ya usalama. Limita ni amri ndani ya kompyuta ya injini, na kwa kawaida imewekwa kidogo juu ya mstari. LFA kwa mfano ina mstari 9,000 na limita 9,500.

Limita za kiwandani kwa sehemu kubwa hukata mafuta: injekta zinaacha kufunguka, silinda inavuta hewa tupu, nguvu inapotea, RPM zinashuka kidogo, kisha injekta zinarudi. Kukata moto wa plagi peke yake ni haraka na kunatoa ile milio ya risasi watu wanayoipenda, ila petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega ya katalisti (kisafisha moshi). Masega ya udongo yakizidiwa joto yanayeyuka, yanaziba, na kuanzia hapo injini haipumui vizuri. Kwenye gari ya barabarani yenye katalisti, usikubali kuwekewa limita ya kukata moto tu. Magari yenye throto ya umeme yana njia ya tatu, kompyuta inaifunga throto taratibu kabla ya kufika, na dereva anahisi kama injini imechoka badala ya kugonga ukuta.

Kuigonga mara moja moja hakuui injini iliyo na joto na oili ya kutosha. Kuikalia ndiko kubaya. Kila injekta zinapokata na kurudi, mzunguko wa nguvu kwenye kranki unageuka ghafla: sukuma, vuta, sukuma, vuta. Wanaopokea mapigo hayo ni cheni ya taimingi na tensha yake, flaiwili, springi za diski ya klachi na meno ya gia. Tena muda wote huo uko kwenye mzigo wa juu kabisa wa konrodi bila gari kuongeza kasi hata kidogo.

---

GiaYaTatu

Nachukua swali la 3, maana ndilo linalomaliza injini hizi.

Limita ina uwezo mmoja tu: kuizuia injini isijiendeshe yenyewe kupita kiwango. Inakata mafuta. Lakini matairi yakiwa ndiyo yanayoizungusha injini, kukata mafuta hakusaidii chochote. Ukishusha gia isiyofaa na kuachia klachi, uzito wa gari zima unaisukuma kranki kupitia giaboksi, na kompyuta inabaki kutazama.

Uwiano wa gia za AP1 ni huu: ya kwanza 3.133, ya pili 2.045, ya tatu 1.481, ya nne 1.161, ya tano 0.970, ya sita 0.810. RPM mpya unazipata kwa kuzidisha RPM za sasa kwa uwiano wa gia unayoingia, kisha kugawa kwa uwiano wa gia unayotoka.

Uko gia ya tatu kwenye 8,500, unataka ya nne. Ukiipata: 8,500 × 1.161 ÷ 1.481 = karibu 6,660. Safi. Mkono ukivuta upande na kuingia ya pili: 8,500 × 2.045 ÷ 1.481 = karibu 11,740. Kwa mfano wa FundiHedi, ile tani 2.4 inakuwa tani 4.1, na valvu zimeshaelea zamani.

Kosa jingine ni la kushuka. Uko ya tano kwenye 5,500, RPM ambazo hazimtishi mtu, unataka ya nne kabla ya kona. Ya nne ingekupa karibu 6,580. Mkono ukipitiliza hadi ya pili unapata karibu 11,600. Angalia jinsi kosa hili lilivyoanza kwenye resi za kawaida kabisa. Ndiyo maana dereva hajui kilichotokea mpaka matairi ya nyuma yanapolia na gari kuyumba.

Kinga yake ni ya mikono. Kutoka ya tatu kwenda ya nne usishike kishikio cha gia kwa ngumi. Weka kiganja wazi, vuta moja kwa moja nyuma, acha springi za giaboksi zenyewe zikiweke kishikio katikati. Kutoka ya tano kwenda ya nne, kwanza toa hadi nyutro, legeza mkono kishikio kirudi katikati chenyewe, halafu ndipo uvute nyuma. Usilazimishe gia inayokataa kuingia, kwa sababu sinkro (ringi inayolinganisha kasi za gia) inayogoma inakuambia kasi hazilingani. Na kagua maunti za injini na bushi za kishikio. Zikichoka, injini inalala upande kwenye kona kali, njia za gia zinahama, na hata dereva mzuri anaingia pasipo.

Kwa kushusha kutoka ya tatu kwenda ya pili, kikomo cha hesabu ni karibu 6,400 kwenye ya tatu, maana hapo ya pili inakupa karibu 8,840. Chukua 6,000 kama kikomo chako.

---

Upinde9000

Nashukuru sana wakuu, hesabu za gia zimenifungua macho. Sasa, kosa likishatokea na injini bado inanguruma kawaida, ukaguzi unaanzia wapi? Na kompyuta ya gari inaweza kumwonyesha mnunuzi kwamba injini iliwahi kupitilizwa?

---

FundiHedi

Kunguruma kawaida hakuna maana kwamba iko salama. Kwenye F20C ya AP1 kipande kinachojulikana kuumia kwanza ni kofia ya springi ya valvu, ile sahani ya juu inayoshikwa na koleti mbili (vipande vidogo vinavyoifunga kwenye shina la valvu). Kwa kupitiliza resi inapata ufa, au koleti zinaanza kupenya ndani yake. Gari inaweza kuendelea kutembea hivyo. Siku kofia ikiachia, valvu inadondoka ndani ya silinda na injini imekwisha.

Kwa hiyo usiendeshe kwa majaribio. Subiri injini ipoe chini ya nyuzi 38 za Selsiasi, fungua kifuniko cha hedi, na kagua kofia zote 16 kwa tochi kali na kioo kidogo. Tafuta ufa mwembamba kuzunguka tundu la kati, na tazama kama ncha ya valvu yoyote imekaa kwa kimo tofauti na wenzake. Kisha pima nafasi za tapeti: za kuingiza hewa mm 0.21 hadi 0.25, za kutoa moshi mm 0.25 hadi 0.29. Valvu moja yenye nafasi kubwa kuliko nyingine zote ina uwezekano mkubwa kuwa imepinda na haikai kwenye kiti chake.

Baada ya hapo pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, injekta zimezimwa na throto imefunguliwa yote. Tofauti kati ya silinda isizidi kPa 200. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni kile cha kujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha kusikiliza inavujia wapi. Ukisikia kwenye throto, ni valvu ya kuingiza. Kwenye eksozi, ni valvu ya kutoa. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Ukiona povu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Malizia kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi: alama ya nusu mwezi juu ya pistoni ni valvu iliyogusa.

Usisahau chini. Kata filta ya oili, ikunjue karatasi yake juani. Vumbi jembamba la kijivu si habari. Vipande vinavyong'aa, hasa vya rangi ya shaba, ni beringi za konrodi.

Kofia zikikutwa na ufa, wengi hufunga zile za AP2 (S2000 za baadaye), ambazo ni imara zaidi. Zibadilishwe pamoja na koleti zake, usichanganye za zamani na mpya. Kazi hiyo inafanyika bila kutoa hedi, kwa kujaza hewa kwenye silinda ili valvu zisidondoke, ila kama umeshapata valvu iliyopinda hedi lazima itoke.

Kuhusu rekodi: Porsche ndio mfano mzuri. Kwenye 911 za kizazi cha pili cha 997 na za 991, kompyuta inahesabu idadi ya miwasho ya plagi iliyotokea ndani ya ngazi sita za kupitiliza resi, na saa ya injini ilipotokea mara ya mwisho. Ngazi za chini zinaweza kujazwa na kugonga limita tu; za juu hazifikiki ila kwa kukosea gia. Zisome kwa akili. Injini ya silinda sita inawasha mara tatu kwa mzunguko, kwa hiyo kwenye 9,000 ni miwasho 450 kwa sekunde, na rekodi ya miwasho 90 ni sawa na sehemu ya tano ya sekunde. Kilicho muhimu kwa mnunuzi ni ngazi ipi, na saa ngapi za injini zimepita tangu hapo bila tatizo.

---

OiliKwanza

Swali la 4 halijaguswa, na kuna jambo la oili ambalo nisingependa lipite.

F20C inatoa nguvu yake ya juu kwenye 8,300 na baada ya hapo haishuki sana, kwa hiyo kuna faida kuipeleka hadi 8,800 au 8,900. Sababu kubwa ni VTEC, mfumo wa Honda unaohama kutoka kamu ndogo kwenda kamu kubwa karibu na 6,000. Ukipandisha gia kwenye 8,900, unatua hivi: kwanza kwenda pili karibu 5,810, pili kwenda tatu 6,445, tatu kwenda nne 6,980, nne kwenda tano 7,440. Ona ile ya kwanza: hata ukitumia resi zote unaangukia chini kidogo ya kamu kubwa. Sasa pandisha pili kwenda tatu kwenye 7,500 uone: unatua 5,430, kamu ndogo, na gari inalala. Anayesema S2000 haina nguvu mara nyingi anapandisha gia mapema.

Tatizo ni kwamba kwenye gia ya kwanza resi zinapanda haraka kuliko jicho. Zikipanda 2,500 kwa sekunde, na mkono wako ukihitaji sehemu ya tano ya sekunde kuitikia, umeshapanda 500 kabla hujakanyaga klachi. Gia ya kwanza anza kitendo kwenye 8,400. Ya tatu na ya nne unaweza kusubiri 8,800. Geji zenyewe huchelewa pia. LFA ilipewa geji ya skrini kwa sababu injini yake inatoka sailensi (resi za chini bila kukanyaga mafuta) hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, na mshale wa kawaida haungeweza kuifuata.

Sasa oili. Geji ya joto kwenye dashibodi inapima maji ya kupooza, na maji yanapata joto mapema sana kuliko oili. Geji ikitulia, bado kaa chini ya 4,000 kwa dakika 10 nyingine za kutembea. Kuwasha na kusimama hakuhesabiki. Oili baridi ni nzito, na kwenye resi za juu haifiki kwenye beringi za konrodi kwa kiasi kinachotakiwa. BMW walilifanya hili lionekane kwa macho kwenye M5 E39 na M3 E46: taa za onyo zinazozunguka geji ya RPM zinazimika moja baada ya nyingine oili inavyopata joto, na mstari mwekundu unasogea juu.

F20C inachukua lita 4.8 ukibadilisha na filta, 10W-30. Injini hii hunywa oili ikiendeshwa kwenye resi za juu, kwa hiyo chomoa kijiti kila unapojaza petroli. Ikipungua lita moja, kwenye kona ndefu pampu inavuta hewa, na hewa ikifika kwenye beringi kwa 8,500 hakuna limita itakayokuokoa. Dalili ya mapema ni VTEC kukataa kuingia, kwa sababu inategemea shinikizo la oili. Ukiisikia imekataa, punguza mwendo uangalie kijiti kabla ya kuanza kulaumu solenoidi.

---

GiaYaTatu

Naongeza mawili kabla mtu hajauliza.

Kupandisha limita hadi 9,500 kwa programu mpya: kasi ya pistoni inakuwa mita 26.6 kwa sekunde, mzigo wa konrodi unapanda karibu asilimia 11, na nguvu imeshaanza kushuka tangu 8,300. Bila kamshafti na springi tofauti hupati kitu. Ukibadilisha kompyuta ya injini kwa sababu nyingine, acha limita ya kiwandani ilivyo, na hakikisha inakata injekta zote kwa pamoja. Ukiweka flaiwili nyepesi ishushe kwa 100 hivi, maana injini nyepesi hupitiliza kidogo kabla ya kukatwa.

La pili ni diski ya klachi, ambayo hupasuka bila injini kupitilizwa kabisa. Ukiwa kwenye mwendo mkali, umekanyaga klachi na kishikio umekiweka kwenye gia ya kwanza ukijiandaa kusimama, injini iko sailensi na geji inasoma 900. Diski ya klachi haijui hilo. Yenyewe imeunganishwa na giaboksi, na inazungushwa na matairi. Gia ya kwanza ya AP1 kwenye kasi ambayo ya tatu ingekuwa 7,000 inaizungusha diski kwa karibu 14,800. Kaa kwenye gia inayolingana na mwendo hadi gari ipungue, au weka nyutro.